Chumvi Katika Rejeta ya Shangazi Mwanakombo

TANGAZO KWA UMMA. Mimi, Omari Athumani wa Chikongola, mwanafunzi wa bweni, kidato cha tatu, mjuzi wa fizikia na mtetezi wa shangazi yangu, natangaza mbele ya wasomaji wote wa gazeti hili, kuanzia Mikindani hadi mdomo wa Ruvuma, kwamba sehemu hii ya sita itamaliza kesi kubwa kuliko zote zilizowahi kusikilizwa mkoani kwetu. Natangaza pia kwamba kila neno nililoandika tangu sehemu ya kwanza ni kweli tupu.

Mhariri ameniagiza nieleze kwamba "kesi" ni pikapu moja iliyochemka, na "mahakama" ni ua wa gereji. Nimeeleza.

Juma lililopita tulimwacha fundi Yohana ameinama juu ya injini. Kidole chake kilikuwa kimelowa maji ya rejeta, na kilikuwa njiani kuelekea mdomoni.

Kidole kimefika.

"Chumvi," akasema Yohana.

Akatema. Akachovya tena, akalamba tena ili awe na hakika, akatema tena.

"Chumvi ya kutosha kuungia mchuzi, Bwana Meneja."

Kwa msomaji ambaye gazeti lake la juma lililopita lilikwenda kufungia samaki, mambo yako hivi. Shangazi yangu Mwanakombo, mjane wa Msimbati mwenye minazi mingi na maneno mengi zaidi, alinunua pikapu mpya mwezi wa Mei katika duka la Upepo Motokaa, hapa Mtwara. Alipewa hati ya dhamana ya miezi kumi na miwili. Mwezi wa Desemba, njiani kutoka Msimbati, injini ilichemka, gasketi ikaungua na hedi, yaani kichwa cha injini, ikapinda.

Shangazi alitaka injini itengenezwe bure kama hati isemavyo. Meneja akajibu kwamba hati inamlinda mteja na makosa ya kiwanda. Haimlindi na makosa ya dereva.

Dereva ni Gaspari, ambaye alivuka Ruvuma kumkimbia Mreno na vita vyake. Kibali chake cha kukaa mjini kinasimama juu ya barua moja tu, barua ya mwajiri wake, yaani shangazi. Barua ikiondolewa, anapelekwa kambini, mbali na mke wake Graca ambaye tumbo lake sasa lilikuwa linatangulia kuingia mlangoni. Kwa hiyo ua mzima ulikuwa ukitafuta jibu la swali moja. Kosa ni la kiwanda, au ni la Gaspari?

Na sasa chumvi.

Meneja Constantino alivua miwani yake. Alikwenda kozi ya majuma matatu Dar es Salaam akarudi nayo, na huivua kila anapotaka kuona vizuri.

"Bi Olinda," aliita, "andika: imeonekana chumvi."

Bi Olinda, karani wa kampuni, alikuwa dirishani na mashine yake ya chapa. Tangu tulipofika alikuwa akipiga madai yetu, ambayo niliyaandika kwa mkono wangu ndani ya daftari langu la fizikia, maana karatasi nyingine nyumbani zilikuwa zimekwisha. Nilikuwa nimempa amri kwa sauti ya kiserikali: "Piga yote yaliyomo, nakala tatu, bila kuacha hata nukta."

Alinitazama sana siku hiyo. Nilidhani ni kwa heshima.

"Shangazi, usiseme neno," nikanong'ona. "Niachie mimi."

"Nikuachie wewe kama nani? Barua ya kwanza uliiandika Kiingereza, ukampelekea mtu anayejua Kiswahili. Tukangoja majibu juma zima."

Meneja akafunua hati. "Bi Mwanakombo, ni kweli kwamba gari hili lilinyweshwa kombe?"

"Lilinyweshwa. Hata wewe ungeomba ungenyweshwa. Pengine ungepona hicho kiburi."

Ni kweli. Siku pikapu ilipofika nyumbani, mwalimu wa chuo cha Kurani aliandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi ya waridi na maji ya kisima. Nusu tulikunywa sisi. Nusu iliingia kwenye rejeta, kwa kuwa shangazi hakuona kwa nini abiria walindwe na injini iachwe hivi hivi.

"Kifungu cha tisa," Meneja akasoma. "Dhamana itakufa iwapo kitatiwa katika rejeta kimiminika chochote kisichoidhinishwa na kiwanda. Kombe halijaidhinishwa na kiwanda."

"Kiwanda kiko wapi?"

"Ulaya."

"Mmewauliza?"

"Hatuwezi kuwauliza Wazungu habari za kombe, Bi Mwanakombo."

"Basi unajuaje kama wamekataa?"

Yohana akakohoa. Kilikuwa kikohozi chenye kicheko ndani.

"Tena kombe lina waridi," shangazi akaendelea. "Lina zafarani. Umelamba, Yohana. Ulisikia waridi?"

"Sikusikia waridi, mama. Nimesikia chumvi tu."

"Haya! Chumvi yetu iko wapi hapo?"

Hapo niliona zamu yangu imewadia. Nilipiga hatua mbele na kuweka mikono nyuma kama mkuu wa shule.

"Bwana Meneja, naomba niulize."

Meneja akavaa miwani, akaivua, uso ukamchangamka.

"Mbona nakufahamu wewe! Si ndiye yule kijana wa sokoni? Jamani, mwoneni huyu. Kila Jumamosi ya likizo akiniona nimeegesha gari langu sokoni Chikongola, hunifutia vioo, hunijazia maji ya rejeta, na hataki hata asante. Vijana wa namna hii wamebaki wachache."

Niliinamisha macho kwa unyenyekevu. Chini palikuwa na viatu vyangu, kimoja kina kamba na kingine hakina.

"Na gari lako linaendeleaje?" nikauliza, kwa adabu tu.

"Zuri mno. Lilifika kwa meli moja na pikapu yenu, na halijawahi kukwama. Juma hili lina joto kidogo, lakini nani hana joto Desemba? Hata leo nimemwazima Padre, limpeleke Newala."

Niliondoka haraka kwenye habari hiyo.

"Magari yalipofika kutoka bandarini, Bwana Meneja, yalifanyiwa nini hapa uani?"

"Yalioshwa."

"Kisha?"

"Yakatiwa mafuta, yakawekwa namba."

"Kisha?"

Meneja akanyamaza. Mashine ya chapa haikunyamaza. Kutoka dirishani, bila kuinua kichwa, Bi Olinda akasema:

"Kisha Padre akayabariki."

"Alinyunyiza maji juu ya boneti!" Meneja akasema upesi. "Juu tu!"

"Yeye alinyunyiza juu. Wewe ndiye uliyesema boneti haiendi popote bila injini. Ukafungua rejeta moja moja, ukamimina kikombe kimoja kimoja. Mimi nilishika mshumaa. Ulizimika mara mbili."

"Bi Olinda, endelea kupiga chapa."

"Naendelea."

"Na yale maji ya baraka," nikasema, nikimgeukia Yohana polepole kama nilivyokuwa nimefanya mazoezi mbele ya kioo, "Padre huyatia nini?"

Yohana alikuna kichwa kwa spana. "Padre wetu ni wa kizamani. Huyatia chumvi. Nilimtumikia misa miaka minne, mimi ndiye niliyekuwa nabeba kisahani."

Shangazi Mwanakombo akapiga makofi mara moja, paa!

"Kumbe! Kumbe na nyinyi mlilinywesha kombe!"

"Si kombe, Bi Mwanakombo."

"Limesomewa?"

"Limesomewa, lakini..."

"Limemiminwa kwenye rejeta?"

"Kikombe tu."

"Basi ni kombe. Tena lenu lina chumvi! Letu lina waridi!"

Wasomaji, laiti mngeuona uso wa Meneja. Ama akubali dhamana, ama amwandikie Padre barua kwamba baraka zake zinapindisha hedi. Alitazama hati, akatazama mnara wa kanisa juu ya mapaa, akatoa kalamu mfukoni.

Gaspari alikuwa amesimama nyuma ya pikapu tangu asubuhi, hajasema neno. Nilimwona akivuta pumzi ndefu na kuegemea bodi, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Kalamu iligusa karatasi.

"Ngoja kwanza, Bwana Meneja," akasema Yohana.

Huyu Yohana ana kasoro moja: anapenda kazi yake. Wakati sisi tunabishana, yeye alikuwa amefungua paipu ya mpira ya chini. Akaigonga kwenye ukingo wa ndoo.

Vikaanguka vipande vyeupe. Vikaanguka vingine, vigumu, vinene kama maganda ya yai la bata. Akagonga tena. Mwisho kikatoka kitu cha kijani, kirefu, chenye kuteleza, kikajilaza juu ya chumvi ile kama kachumbari.

Mwani.

"Kikombe cha Padre hakiwezi kufanya haya," akasema Yohana. "Padre angehitaji gunia. Na mwani sijauona kanisani hata siku moja."

Meneja akairudisha kalamu mfukoni, taratibu, kwa furaha isiyofichika.

"Bahari," akasema. "Mtu amekuwa akitia maji ya bahari, tena mara nyingi. Nani anayeshughulikia maji ya gari hili?"

Hapakuwa na haja ya kujibu. Macho yote yalikwenda nyuma ya pikapu.

"Gaspari," shangazi akaita.

Hakupaza sauti. Aliyemzoea shangazi anajua kwamba akipaza sauti mambo ni mazuri.

"Mama."

"Kule Msimbati, maji ya rejeta unayatoa wapi?"

Gaspari alinitazama. Mara moja tu, na si kwa hasira.

"Kisimani, mama. Nilisema yatoke kisimani."

"Ulisema. Ulimwambia nani?"

Gaspari aliitazama ndoo ya Yohana.

"Nakuuliza, Gaspari! Ulimwambia nani?"

"Mama, dereva ndiye mwenye rejeta. Nilipaswa kuangalia, sikuangalia. Kama kuna kosa, liandikwe langu."

"Hivyo ndivyo ilivyo," Meneja akasema. "Kosa la dereva. Dhamana imekufa, na kampuni inasikitika."

Shangazi alinyoosha mkono. "Lete ufunguo."

Gaspari aliuvua shingoni. Ulikuwa umefungwa kwa kamba ya kiatu, kamba niliyompa mimi mwenyewe siku ile ya kwake ilipokatika. Aliufuta kwa pindo la shati kabla ya kuutoa, kama mtu anayerudisha kijiko cha watu.

"Na barua nitaiondoa kesho," shangazi akasema. Sauti ilimtetemeka, lakini maneno hayakutetemeka. "Mtu aliyeniharibia gari kisha akanificha, siwezi kumwandikia kwamba ni mwaminifu."

"Graca anajifungua mwezi ujao, mama. Naomba iwe baada ya hapo. Siku chache tu."

Shangazi akageuza uso.

Wasomaji, mahali hapa shujaa wa kweli angesimama na kusema. Shujaa wenu aliinama kufunga kamba ya kiatu. Kamba ilikuwa mkononi mwa shangazi.

Nikiwa bado nimeinama, nikasikia jambo la ajabu. Nilisikia kimya. Mashine ya chapa ilikuwa imesimama.

"Bwana Meneja," akasema Bi Olinda, "niliambiwa nipige yote yaliyomo, bila kuacha hata nukta. Nimefika ukurasa wa nne. Sijui kama hili nalo ni sehemu ya madai."

"Ni hapana!" nikasema, nikisimama ghafla. Kiswahili kilinitoroka. "Yaani, si madai! Ni ya shule hayo!"

"Soma," akasema shangazi.

Bi Olinda akasoma. Ana sauti nzuri, ndiye anayesoma masomo kanisani siku za sikukuu.

"'Jaribio. Lengo: kuthibitisha kwamba maji ya chumvi huchelewa kuchemka kuliko maji matupu, kama alivyofundisha mwalimu wa fizikia, na kwa hiyo yanafaa zaidi katika rejeta. Vifaa: pikapu moja, debe moja, Bahari ya Hindi.'"

Yohana alikaa chini juu ya tairi.

"'Njia: kila dereva aliponituma kisimani, nilikwenda baharini, kwa sababu ni karibu na kwa sababu ni sayansi. Dereva hakujulishwa, ili matokeo yasiharibiwe na maoni ya mtu asiyesoma.'"

"Kweli, mimi sikusoma," akasema Gaspari polepole, kama anayekubali hesabu iliyo sahihi.

Nimechapwa viboko mara kumi na moja katika maisha yangu ya bweni. Vyote kumi na moja vilikuwa vyepesi kuliko sentensi ile.

"'Matokeo,'" Bi Olinda akaendelea. "'Likizo ya Juni: bora sana. Desemba, juma la kwanza: mvuke kidogo. Juma la pili: mvuke mwingi na kelele. Hitimisho: injini ni dhaifu. Kiwanda kilaumiwe.'" Akainua macho. "Nimepiga nakala tatu."

"Omari," akasema shangazi.

"Naam, shangazi."

"Mwandiko huo ni wa nani?"

Nilifikiria kusema ni wa mwenzangu wa bwenini. Nilifikiria kusema ni insha ya kubuni. Nilifikiria pia kuzimia, lakini ua ulikuwa na mafuta na suruali ilikuwa ya shule. Kisha nikamwona Gaspari ananiangalia, na nikaona kwamba alikuwa anajua tangu mwani ulipoanguka, na kwamba angeondoka na siri yangu mpaka kambini.

"Ni wangu. Gaspari alinituma kisimani kila mara. Ni mimi niliyekwenda baharini. Yeye hakujua, na barua usiiondoe."

Hivyo basi, wasomaji, nilipowaandikia katika sehemu ya pili kwamba "asili ya kuchemka kule ni fumbo ambalo huenda historia isilifumbue", historia ilikuwa imesimama ufukweni Msimbati na debe mkononi. Niliwadanganya. Mhariri naye nilimdanganya, na amesema tutazungumza.

Shangazi Mwanakombo hajui kuomba radhi, hajafundishwa. Alimwendea Gaspari, akainua ile kamba kwa mikono miwili, akamvalisha ufunguo shingoni kama mtu anayemvisha bwana harusi shada.

"Mwambie Graca nitaleta kuku," akasema. "Na barua nitaandika mpya, ndefu. Ataandika huyu shetani, nitasimama juu yake."

"Ahsante, mama. Ila asiniandikie Kiingereza."

Ua mzima ulicheka isipokuwa watu wawili. Mmoja ni mimi. Wa pili alikuwa Meneja, ambaye alipanda juu ya kisanduku cha spana kutoa hukumu.

"Nimesikitika, Bi Mwanakombo, lakini mtoto wa kaka wa mteja ni sawa na mteja. Maji ya bahari ni maji ya bahari. Kifungu cha tisa hakina huruma. Hata kama gari lingekuwa langu mwenyewe, ningejikatalia."

"Hata lako?" akauliza shangazi.

"Hata langu! Andika hivyo, Bi Olinda. Nami nitatia sahihi."

Mashine ikalia. Meneja akatia sahihi, nakala tatu. Nilijaribu kusema neno, nikaambiwa ninyamaze, nikanyamaza.

Bi Olinda alilamba kidole, akafunua daftari.

"Kuna ukurasa wa tano," akasema.

"Upige."

"'Jaribio la pili. Mwanasayansi hawezi kutegemea gari moja. Gari la kulinganisha: lilifika kwa meli moja na la kwanza. Maji: nusu ya bahari, nusu ya kisima. Vifaa: galoni moja, kitambaa cha kufutia vioo, na motokaa nyeusi inayoegeshwa sokoni Chikongola kila Jumamosi.'" Akaweka kidole kwenye mstari. "Niendelee, Bwana Meneja?"

Meneja alishuka kwenye kisanduku. Alivua miwani, akatazama mahali penye kivuli ambapo motokaa yake hulala. Palikuwa na doa la mafuta tu. Nadhani sote tuliwaza jambo moja wakati mmoja: barabara ya Newala, jinsi inavyopanda uwanda wa Wamakonde, na Padre mzee nyuma ya usukani.

Shangazi alikuwa ameanza kutabasamu, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa Mei.

"Kijana," Meneja akanong'ona, "mara ya mwisho ulitia lini?"

Nilishakiri mara moja asubuhi hiyo na nilikuwa bado hai.

"Juzi, Bwana Meneja. Ni mimi tena." Nikarudi hatua moja nyuma. "Na juzi haikuwa nusu kwa nusu. Kisima kilikuwa mbali."